Hali Ileile

Jumatatu, 3 Machi

Mvua zimeanza, na habari ya kwanza iliyonijia nazo ni hii. Naiandika kama ilivyokuja, nisije nikaambiwa natia chumvi: "mama shangaz kaanguka bafun mguu umevnjka 2po njian 2nakuja kwko."

Hayo ni maneno ya binti yangu wa kumzaa mwenyewe. Ana shahada. Ana meza yake ofisini na kiti kinachozunguka. Nimekaa kwenye chumba cha wauguzi na simu mkononi, natafuta silabi zilizopotea kama mtu anayetafuta vifungo vya shati chini ya kitanda, na nilikuwa nimeshamjibu "Andika vizuri!" kabla sijatambua kwamba aliyevunjika ni wifi yangu. Nikampigia.

"Mama, umenielewa au hukunielewa?"

"Nimekuelewa, lakini hiyo namba mbili..."

"Basi. Tuko mlangoni, leteni machela."

Wifi ni dada mkubwa wa mume wangu. Ni mshonaji, ana sukari mwaka wa kumi na tano huu, na shule hakuwahi kuikanyaga. Vipimo vya wateja wake huviweka kwa mafundo kwenye uzi, kila mteja na uzi wake, na sijasikia gauni lake limembana mtu. Nilipokwenda chuo cha uuguzi nikiwa na mtoto wa miezi minane, yeye ndiye aliyembeba mgongoni akashona naye miaka mitatu. Sasa amelala kitanda cha sita katika wodi yangu, mguu wa kulia umefungwa plasta ngumu kuanzia wayo mpaka juu ya goti.

"Leo umenipata, wifi," ameniambia. "Miaka thelathini unatafuta siku ya mimi kulala na wewe kusimama."

"Nyamaza, usije ukavunjika na mdomo."

"Ingekuwa midomo inavunjika, wa kwako ungetangulia."

Daktari wa mifupa amenivuta kando. Amesema mwenye sukari anaweza kuoza ndani ya plasta bila kupiga kelele, kwa hiyo hatamruhusu kurudi nyumbani. Akae hapa wiki sita. Kila zamu iangalie vidole, iviguse, imuulize mgonjwa, inuse plasta, iandike. "Kikitokea kidonda humo ndani tukachelewa kukijua, mguu huo nitaukata," amesema. Nimemwambia aondoe shaka, wodi yangu inaandika. Mume wangu alipokuja kumwona hakuwa na maneno mengi. "Nimemwacha dada kwako," amesema, akaenda zake.

Jumatano, 5 Machi

Wamebandika bango jipya getini. Herufi zenyewe kubwa kama milango: AMNA RUHUSA KUINGIZA VYAKURA. Na wametumia rangi ya mafuta, haifutiki! Hospitali nzima, madaktari, wahasibu, watu wa utawala na tai zao, wamepita chini yake tangu asubuhi, hakuna hata mmoja aliyeshtuka. Nimemfuata mlinzi.

"Sista, kwani tangu liwekwe umeona mtu ameingia na sufuria?"

"Sijaona."

"Basi wameelewa."

Hilo neno la kueleweka litaniua. Kila mzembe siku hizi anajificha chini yake. Hata ukila kwa mkono mchafu utashiba, lakini ndiyo ule hivyo?

Ijumaa, 7 Machi

Nieleze jambo hapa, ili atakayesoma shajara hii nikishakufa asidhani nilikuwa kichaa.

Wodi yetu haina kompyuta, ina daftari la makabidhiano. Zamu inapotoka, muuguzi anaandika mstari mmoja au miwili kwa kila kitanda. Anayeingia anausoma kwa sauti akiwa amesimama miguuni pa mgonjwa, na mgonjwa mwenyewe anasikia. Utaratibu huu niliukuta na nitauacha. Nilipoanza kazi, ungeweza kulisoma lile daftari ukamwona mgonjwa mbele yako. Leo nasoma nini? "Mgojwa ame amka vzr." "Kala kdg." "Ana endelea poa." Poa! Bibi wa miaka themanini amevunjika nyonga, anaendelea poa!

Nimezungumza mpaka koo limekauka. Nimeendesha mafunzo, hawakuja. Ndipo mwaka jana nikabuni dawa. Kila Ijumaa napitia daftari kwa kalamu nyekundu, nazungushia duara kila kosa. Ile sentensi iliyonikata maini kuliko zote nainakili kwenye karatasi, makosa yake yote ndani ya maduara, naibandika kwenye mlango wa kabati la vikombe. Juu yake nimeandika SENTENSI YA WIKI. Anayetaka chai lazima aipite. Jina siandiki, lakini hati na zamu wanazijua, na wanacheka wenyewe. Wamenipa jina, Sista Nukta, na wanadhani sijui. Waite tu.

Jumatatu, 10 Machi

Mvua. Paa la stoo linavuja juu ya mashuka.

Jumatano, 12 Machi

Leo nilidhani nitapasuka. Tunaye muuguzi kijana, tunamwita Mrefu kwa sababu taa zote za wodi anazigonga kwa kichwa. Amemaliza zamu, daftari jeupe pe, anavaa koti la mvua.

"Makabidhiano yako wapi?"

"Nimeyatuma kwenye simu, Sista. Sauti. Dakika nne tu, unasikiliza ukiwa unatembea."

"Na daktari akija naye atavaa spika?"

"Kuandika kunachukua muda, Sista. Halafu nikiandika nakosea."

"Ukikosea utasahihishwa!"

Amekaa akaandika. Imemchukua dakika ishirini, na alikuwa akifunika ukurasa kwa kiganja kama mtoto anayeogopa kuigiliziwa. Mtu mzima, ana mke, ana cheti cha uuguzi! Nani aliyempitisha huyu darasani? Nani alisahihisha mitihani yake, na alikuwa amefumba jicho gani? Tunazalisha watu wa vyeti wasioweza kusimama peke yao mbele ya sentensi moja. Halafu mimi ndiye mkali.

Ijumaa, 14 Machi

Sentensi ya Wiki imepatikana asubuhi hii, na safari hii imenivunja moyo, maana ni ya Mama Pacha. Mama Pacha ana miaka ishirini kazini. Mikono yake ni dhahabu, anapata mshipa pale ambapo daktari amechoma mara tano akakata tamaa. Lakini kalamu! Ameandika hivi kuhusu kitanda cha sita:

"mgojwa ana lalamika kisigino kina muwaka moto ndani ya plasta toka jana jion, anasema sio maumivu ya mfupa ni mengine, vidole sijavipenda, nashauri daktar aitwe."

Nimehesabu makosa manane, bila kugusa alama za uandishi. "Mgojwa"! Neno analoliandika kila siku ya kazi kwa miaka ishirini! Na "kina muwaka" limekatwa vipande viwili utadhani ni nyama. Na "sijavipenda" ni lugha ya taarifa hiyo? Vidole vya mgonjwa si viatu vya dukani. Nimezungusha maduara mpaka karatasi ikaonekana ina tetekuwanga.

Saa nne walipokuja kunywa chai walicheka. Mrefu alicheka zaidi, nadhani kwa furaha kwamba si yeye. Mama Pacha alisimama mbele ya kabati na kikombe mkononi, akasoma mpaka mwisho, akakirudisha kikombe bila kunywa.

Wifi leo kaniandama kweli. Mto una mabonde, uji una maji, jirani wa kitanda cha tano anakoroma kwa makusudi, kisigino kinamwaka.

"Wifi, mfupa unaounga lazima ulalamike," nimemwambia.

"Huu si mfupa."

"Tangu lini umekuwa daktari?"

"Tangu niwe na mguu."

Amenichekesha. Nimemgeuzia mto upande wa pili nikaenda kumalizia daftari.

Jumamosi, 15 Machi

Mama Pacha amekunywa chai nje, chini ya varanda. Sawa. Aibu kidogo haijamuua mtu.

Jumanne, 18 Machi

Siamini macho yangu. Nimefungua daftari la jana na la leo, kurasa nne, nimeshika kalamu nyekundu tayari, nikakosa pa kuigusisha. Kitanda cha kwanza: Hali ileile. Cha pili: Hali ileile. Cha tano, cha sita, cha tisa: Hali ileile. Herufi kubwa mahali pake, nukta mahali pake, "ileile" limeandikwa neno moja kama inavyotakiwa. Hata Mrefu! Nimemsifu mbele ya wenzake.

"Umeona? Ufupi na usafi. Kumbe mnaweza."

"Tunaweza, Sista," amejibu, macho sakafuni.

Mwaka mzima nimepigana, na dawa imeingia.

Alhamisi, 20 Machi

Raundi ya daktari wa mifupa, ile ya kila wiki. Kwa mara ya kwanza tumemaliza mapema. Kitanda cha sita amesomewa, akauliza, "Ileile? Vizuri," akapita. Mvua kubwa.

Ijumaa, 21 Machi

Hakuna Sentensi ya Wiki! Ukurasa kwa ukurasa, safi. Nimewanunulia biskuti. Ile karatasi ya wiki iliyopita nimeiacha palepale, iwe kumbukumbu ya tulikotoka.

Matroni, mkuu wetu sote wauguzi wa hospitali hii, ameniita ofisini kwake. Kuna semina ya wiki nzima ya uandishi wa taarifa, na hospitali inanipeleka mimi nikaeleze wodi yangu imefanyaje. Mimi, Sista Nukta! Nimepiga picha kurasa za daftari nikawaonyeshe. Nikampitia wifi kumpasha.

"Nenda," amesema. "Kisigino nacho kimenyamaza, hakiwaki tena."

"Si nilikwambia?"

Jumapili, 23 Machi

Nimepanga sanduku. Wifi amekuwa mtulivu siku hizi, hata nikimchokoza hajibu. Mume wangu anasema huenda amechoka kulala. Nimemwambia asiwe na wasiwasi, anaandikwa mara tatu kwa siku.

Jumatano, 26 Machi

Semina. Mwezeshaji ameandika ubaoni "uwandishi". Nimekwenda mbele nikaifuta hiyo herufi kwa kidole, chumba kizima kikaguna.

Alhamisi, 27 Machi

Leo ilikuwa zamu yangu. Nimewaonyesha picha, kabla na baada, na nikawaambia kila kilichomo moyoni mwangu: kwamba lugha imegeuzwa jalala, kwamba anayeandika ovyo anafikiri ovyo, kwamba mgonjwa ana haki ya kuandikwa kwa heshima. Wamepiga makofi mpaka nikaona haya. Kisha mama mmoja wa makamo, muuguzi wa hospitali nyingine, akanyoosha mkono.

"Hongera, dada. Nauliza tu. Hao wagonjwa wako, wiki nzima, hakuna aliyepata nafuu wala aliyezidiwa?"

Watu wakacheka. Nimemjibu kwamba tulikuwa tunazungumzia uandishi. Wivu mwingine hata haufichwi.

Jumatatu, 31 Machi

Nitaandika yote.

Nimeingia wodini saa moja asubuhi, wakiwa katikati ya makabidhiano. Sikuwa nimefika hata kitanda cha tatu, harufu ikanipokea. Ni harufu ninayoijua, kila muuguzi anaijua, tamu ya kichefuchefu. Wa kitanda cha tano amejifunika shuka usoni. Na miguuni pa wifi yangu amesimama Mrefu, pua juu ya plasta kabisa, daftari mkononi, anasoma kwa sauti nzuri: "Kitanda cha sita. Hali ileile."

"Mrefu. Unanusa nini?"

"Harufu, Sista."

"Na umesoma nini?"

Amefunga daftari. Wifi alikuwa amegeukia ukuta, paji la uso linachemka. Nimefungua jedwali la joto, nikakuta thelathini na saba, thelathini na saba, thelathini na saba, wiki nzima, wino mmoja.

Daktari amefika mbio na msumeno wa plasta, akakata dirisha kwenye kisigino. Sitaeleza sana. Kulikuwa na kitu cheusi, kipana kama kifuniko cha kikombe, na kilipoguswa usaha ukatoka chini yake. Daktari aliinua macho akanitazama, na mimi ndiye niliyemwambia wodi yangu inaandika.

"Kiliwaka siku nne tano, kikanyamaza," wifi amesema, sauti imekwisha. "Nilikwambia, wifi."

Kikinyamaza ndipo kimekufa. Hilo najua. Mwaka wa kwanza chuoni tulifundishwa.

Walipompeleka kumwandaa kwa upasuaji, nikawakusanya wote kwenye chumba cha chai. Nimelitupa daftari mezani. Nimewaambia nimehesabu: tangu tarehe kumi na saba, mara arobaini na moja, kitanda cha sita, Hali ileile. Zamu arobaini na moja za watu wenye macho na pua! Hakuna aliyeuliza, hakuna aliyegusa, mnanakili mstari wa mwenzenu kama wanafunzi wavivu, mnasoma uongo mbele ya mgonjwa na yeye anawasikia! Nimewaita wauaji. Ndiyo, nimelitumia neno hilo.

Mrefu ndiye aliyefungua mdomo. Machozi yalikuwa yanamlenga.

"Sista, ndiyo sentensi pekee ambayo hujawahi kuizungushia."

"Nini?"

"Tulijaribu nyingine zote. Hiyo tu ndiyo haina duara. Mtu yeyote akiandika kitu kirefu, Ijumaa kiko kabatini. Mambo mengine tukawa tunaambiana kwa mdomo, na mengine yanasahaulika."

"Kwa hiyo ni mimi! Mguu umeoza kwa sababu ya kalamu yangu! Hamkuweza hata mmoja wenu kuandika 'kisigino kinawaka'? Maneno mawili!"

"Mimi niliandika," akasema Mama Pacha.

Hakupaza sauti. Nimemwambia anionyeshe. Nimemsukumia daftari kwa nguvu likadondoka. Hakuliokota. Amekwenda kwenye kabati, mlango wake ulikuwa wazi, akaufunga taratibu ili upande wa mbele utuelekee, akasimama kando.

"Hii hapa."

Wiki mbili na siku tatu imekuwa hapo. Nimeiandika kwa mkono wangu, nimeizungushia kwa wino wangu, nimeinywea chai. Leo ndiyo mara ya kwanza nimeisoma. Kisigino kinawaka, tangu jana jioni, si mfupa, vidole sijavipenda, daktari aitwe. Mtoto wa darasa la tatu angeelewa. Yule mwanamke aliona kila kitu siku ya kwanza, akaandika kila kitu, na mimi nilihesabu herufi.

Nimetoka nje nikasimama mvuani bila mwavuli. Hakuna aliyenifuata.

Jumanne, 1 Aprili

Upasuaji, saa mbili na nusu. Wameondoa nyama iliyokufa mpaka karibu na mfupa. Daktari anasema tusubiri siku sita, sukari ndiyo itakayoamua kama mguu unabaki au unakatwa. Mume wangu amekaa kwenye benchi ukumbini. Nilipokaa karibu naye hakuhama, lakini hakugeuka.

Alhamisi, 3 Aprili

Bado nina hasira, na nitasema ukweli, si juu yangu peke yangu. Mtu ananusa uozo anaandika ileile! Hivi tumefikaje mahali ambapo watu wazima wanaogopa duara jekundu kuliko kidonda? Wameogopa kuchekwa, basi wakaacha kuona. Na walifundishwa na nani kuogopa hivyo? Kila nikifika kwenye swali hilo kalamu inasita.

Matroni anataka ripoti ya tukio. Nimeandika rasimu kurasa tatu. Kwa kweli ni nzuri. "Chanzo kikuu cha tukio ni kuporomoka kwa kiwango cha uandishi miongoni mwa wauguzi. Taarifa ya awali ya tarehe 14 iliwasilishwa kwa namna isiyoeleweka, na taarifa zilizofuata zilinakiliwa bila uchunguzi." Nimempelekea aipitie. Ameisoma mara mbili.

"Ripoti ya namna hii haipatikani siku hizi," amesema. "Hiyo taarifa ya tarehe kumi na nne ni ya nani?"

"Ya Mama Pacha."

"Basi tutaanza na yeye. Kusimamishwa kazi, kisha tuone. Nakala safi niipate Jumanne."

Nimesema sawa. Nimeliandika neno hilo hapa ili nisije nikalikana.

Jumamosi, 5 Aprili

Nilikuwa nairudia rasimu nikiwa nimekaa kando ya kitanda cha sita. Wifi amekuwa akinitazama.

"Hiyo inanihusu mimi?"

"Inakuhusu."

"Nisomee. Mimi na karatasi hatujuani."

Nimemsomea, kurasa zote tatu. Amefumba macho, nikadhani kalala.

"Maneno mazuri," akasema. "Kama hotuba. Hapo uliposema haikueleweka, nani hakuelewa? Maana mimi nilimwambia Mama Pacha kinawaka, akaelewa. Akaniambia ataandika."

Nimeanza kuzipanga kurasa upya.

"Na wewe umo wapi humo?"

"Mimi ndiye niliyeandika, wifi."

"Ndiyo nauliza. Umo wapi?"

Nimekunja karatasi. Nimemwambia muda wa dawa umefika, na haukuwa umefika.

Jumatatu, 7 Aprili

Mguu unabaki! Daktari amefungua, ameangalia, amegusa, ameguna, akasema unabaki. Nusu ya kisigino imekwenda na hairudi, na kiatu cha kawaida hatavaa tena, lakini mguu ni wake. Mume wangu amelia mbele za watu. Kwenye cherehani yake wifi husukuma pedali kwa mguu huohuo wa kulia. Alimuuliza daktari habari ya pedali, daktari akatikisa kichwa. Wifi amesema tu, "Haya."

Jumanne, 8 Aprili

Nimeichana ile ya kurasa tatu. Nyingine imejaa nusu ukurasa, na imenichukua asubuhi nzima. Nimekwenda nayo kitanda cha sita kabla ya kuipeleka kwa matroni, saa ya kubadilisha bandeji. Nimeweka trei, nimevaa glavu, kisha nikakumbuka nikazivua ili nishike karatasi.

"Wifi, nimeandika upya."

"Soma."

"Tarehe 14 Machi, Mama Pacha aliandika kwamba kisigino cha mgonjwa kinawaka na akashauri daktari aitwe. Aliandika wazi. Mimi, msimamizi wa wodi, nilihesabu makosa yake ya tahajia na sikumwita daktari. Nilibandika maandishi yake kabatini wenzake wamcheke. Mgonjwa mwenyewe aliniambia kinawaka, nikamjibu kwa mzaha. Tangu siku hiyo wauguzi waliacha kuandika walichokiona, wakaandika kile ambacho mimi nisingekisahihisha. Nikawanunulia biskuti."

Yanaendelea kidogo, lakini hapo nilishusha karatasi. Wa kitanda cha tano alikuwa ameacha kutafuna. Wifi alikuwa anatazama dari.

"Hiyo nimeielewa," akasema.

Nimevaa glavu nyingine. Nimeinua shuka miguuni, nimeshika mkasi, nikapeleka mkono kwenye bandeji.

"Acha."

"Sitakuumiza, wifi. Nitakwenda polepole."

"Usinishike." Hakuwa na hasira. Ningefurahi kama angekuwa nayo. "Niitie Mama Pacha."

"Wifi..."

"Niitie Mama Pacha."

Nimelishusha shuka, nikavua glavu, nikaenda kumwita.